Halbadiri ya Sukari

Hichi kisa kinanitia aibu mimi mwenyewe, nakwambia mapema, ukitaka kucheka anza sasa. Katika watu wote waliomo humu, mjinga ni mmoja, ndiye huyu anayekusimulia. Wengine waliogopa kwa moyo, wakakaa majumbani mwao wakaogopa kimya kimya. Mie niliogopa kwa miguu. Na ntu akiogopa kwa miguu, kijiji kizima kinajua.

Nataka kukwambia habari za Sheha wetu. Jina lake silitaji. Siku hizi hayupo, kahamia Unguja kwa mwanawe, lakini bado silitaji, mazoea hayo. Kwetu sisi Wapemba wa huku kusini, ukitoka Chokocho unakuja kidogo, ulikuwa ukisema "Sheha" tu inatosha, hata mbuzi anageuza shingo. Kwa asiyejua mambo yetu, sheha, mkubwa wa shehia, ndiyo serikali ya mwisho kabisa, ile inayojua leo umepika nini. Barua yake huna, kitambulisho huna. Mtoto wa kuanza skuli, kwa Sheha. Kiwanja cha kuuza, kwa Sheha. Umegombana na nkeo, ukitoka nje unamkuta Sheha amesimama, anauliza mmegombania nini.

Mie ni kinyozi. Skuli nilimaliza ya msingi, sekondari ilinishinda kabla sijaianza. Nina banda la mabati, kioo kimoja chenye ufa, mashine moja, na bao la wateja kukalia wakisubiri. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, miaka sita mfululizo, Sheha alikuja kunyolewa. Hakupanga foleni. Aliyekuwa kitini aliteremka mwenyewe, hata kama nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado.

Kichwa chake nakijua kuliko nkewe. Kikubwa, kizito kwa nyuma kama fenesi, na kwenye panja la kushoto kuna mshipa. Mshipa ule umelala siku zote. Lakini akisema uongo unaamka, unatambaa kama mnyoo chini ya ngozi. Mara ya kwanza niliona siku aliyoniambia barabara yetu itatiwa lami mwaka huo huo. Nikapitisha mashine hapo, nikasikia kabisa unapiga. Sikumwambia mtu. Ukijua jambo kama lile juu ya mkubwa, unalinyamazia, kama mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda cha mwenyeji.

Kusema alijua. Alikuwa na maneno yake mafupi mafupi, anayatoa kidole kimoja juu. "Utulivu kwanza, shibe baadae." Hilo la kwanza. La pili, "Hakuna njaa, kuna haraka." Hili alilipenda zaidi, alilisema hata msibani. Na sauti yake ilitoka puani, nzito, neno la mwisho analivuta kama anayevuta ndoo kisimani. Niliweza kuitoa sauti ile hata nikiwa napiga mswaki. Wateja wangu walinijua kwa hilo. Pazia likishushwa, wananiambia, "Haya yakhe, tuitie Sheha." Basi Sheha anakuja, bila ya kuja.

Lakini tulicheka ndani ya pazia tu. Pazia likipandishwa, wote tunasema Sheha wetu mashallah.

Sasa maisha yakakaza. Mchele ukapanda, unga ukapanda, mafuta ya kupikia ukiyatazama dukani yanakutazama vilevile. Iliyotuumiza ni sukari. Mpemba bila ya chai asubuhi anaweza kuishi, siwezi kusema uongo, lakini usimsalimie. Tukasubiri wakubwa watafanya nini. Sheha akaita mkutano kiwanja cha skuli.

Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akatutazama muda mrefu kama daktari anayemtazama mgonjwa mwenye makosa. Akasema, "Nasikia mnasema bei zimepanda. Bei hazikupanda. Nyinyi ndio mmeshuka."

Mzee mmoja mbele akapiga makofi, maskini, hasikii vizuri. Na sisi wote tukapiga, maana ukiona mwenzio anapiga makofi mbele ya Sheha, nkono wako hauulizi.

Kisha akenda dukani. Mwenye duka letu ni mzee wa asili ya Kihindi, babu yake kazaliwa hapa hapa, anasema Kipemba kunishinda mie. Alikuwa na kawaida ya kuandika bei kwenye vipande vya boksi anavichomeka juu ya magunia. Sheha akaviona.

"Hivi vitoe."

"Bwana Sheha, watu watajuaje bei?"

"Watauliza. Bei ikiandikwa inatisha watu. Unanitilia wananchi presha."

Basi vikatolewa. Ikawa kununua kilo ya sukari ni kama kuposa. Unaingia, unasalimia, unauliza nyumbani hawajambo, unasogea, mzee anainama anakunong'oneza sikioni, na wewe unasema Inna lillahi kwa sauti ndogo. Watu wakitoka dukani unawajua wameambiwa ngapi kwa jinsi walivyoshika ukuta.

Halafu kikaja kijiko. Hilo ndilo jambo la Sheha watu watalosimulia mpaka kiama. Unakijua kile kijiko cha plastiki kinachokuja na chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto? Alikichukua kile, akapita nacho nyumba kwa nyumba, akifuatana na wajumbe wake wawili. Anaingia ukumbini, anaomba chai, anakionesha. "Hiki kimoja. Kwa kikombe kizima. Ukizidisha, unamnyima mwenzio." Kwetu alikuja. Bibi yangu, aliyenilea tangu mama yangu kufariki, alikitazama kile kijiko akakigeuza huku na huku. Akamwambia, "Bwana Sheha, hiki kwetu tulikuwa tukimpa ntoto akiwa na homa." Sheha akasema, "Basi, Bi Mkubwa, chukulia sote tuna homa." Akacheka peke yake. Mjumbe mmoja akacheka baada yake. Bibi hakucheka, akamimina chai akamkaribisha.

Sasa nisije nikamdhulumu. Alikuwa na upande mwengine, na huo ndio ulokuwa ukinitisha. Siku moja ya mvua kubwa, nke wa mvuvi mmoja kashikwa na uchungu, gari hakuna. Sheha alitoa honda yake, akampakia yule mama katikati, mamake nyuma, akawapeleka hospitali Mkoani kwenye tope lile. Karudi tope mpaka masikioni. Watu wakaja kumshukuru, akawafukuza. Barua zake hakuuza hata moja. Maskini akifa, wa kwanza kaburini na jembe ni yeye, anachimba mpaka kanzu inageuka udongo, na analia kweli. Mtu mbaya moja kwa moja humwogopi sana, ushamjua. Huyu ulikuwa hujui leo amekuja yupi.

Ikakaribia Ramadhani. Tajiri mmoja wa mjini, Mungu amlipe, akaleta magunia matatu ya sukari, sadaka ya wajane na wazee. Yakawekwa kwenye ghala ya Sheha, nyuma ya nyumba yake. Siku ya kugawa watu wamekaa, likatoka gunia moja.

"Na mawili?" aliuliza mtu.

Sheha akainua kidole. "Yameyeyuka."

"Yameyeyukaje, Bwana Sheha?"

"Hewa ya bahari."

Nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto. Sikuhitaji hata mashine.

Watu wakagawana lile moja. Bibi yangu alipata kikombe cha chai cha sukari, kile kidogo. Alikishika kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Na mie, badala ya kukasirika kama watu wenye akili, nikafanya mzaha.

Ilikuwa Ijumaa. Nimekaa bandani peke yangu, nikatoa simu, nikatoa ile sauti ya puani, nikarekodi voisi. "Asalaam aleikum wananchi watukufu. Sheha wenu nasema. Ile sukari iliyoyeyuka, alhamdulillahi, imeganda tena. Kesho asubuhi kila nyumba ije na bakuli. Utulivu kwanza, shibe baadaeee." Nikamtumia rafiki yangu mmoja tu. Mmoja! Naye kamtumia mmoja. Usiniulize zaidi, unajua simu zilivyo.

Jumamosi asubuhi nilifungua banda, nikaona njia nzima wanawake. Wana mabakuli. Wengine wana masufuria, wenye imani kubwa. Wote wanakwenda kwa Sheha. Kwanza nilicheka, nikajibana nyuma ya mlango, machozi yananitoka. Kisha nikawaona vikongwe. Mmoja anatembelea fimbo, bakuli lake kalifunika kitambaa cheupe lisiingie vumbi. Na nyuma yake Bibi yangu. Yeye simu hana, kaambiwa na jirani. Kashika bakuli la bluu tunalolia wali siku za Idi.

Ningetoka nikamwambia, "Bibi rudi, ni mie." Sikutoka. Nilishusha pazia.

Walikaa juani mpaka karibu na Adhuhuri. Sheha alitoka mara ya kwanza hajui kitu, mara ya pili kasikilizishwa ile voisi, mara ya tatu hakutoka. Bibi alirudi nyumbani, akaliosha bakuli ambalo halikutiwa kitu, akaligeuza kifudifudi. Hakuniambia neno. Nami sikumuuliza ametoka wapi.

Baada ya sala ya Adhuhuri siku ile ile Sheha alisimama uwanja wa msikiti. Sijapata kumuona vile. Hakuinua kidole, aliinua nkono mzima.

"Kuna ntu kaniibia sauti yangu," alisema. "Kaniaibisha mbele ya mama zangu. Simtafuti. Sihangaiki naye. Ijumaa ijayo, baada ya Alasiri, inasomwa halbadiri."

Yakhe! Halbadiri, kwa asiyeijua, na Mungu amzidishie kutoijua, ni kisomo. Umedhulumiwa, aliyekudhulumu humjui, basi wanakaa wasomaji, yanasomwa majina ya watu wa Badri, unamshitakia Mungu. Baada ya hapo hakuna rufaa. Tumekua tukisikia, fulani aliiba ng'ombe wa yatima, ikasomwa, tumbo likamvimba mpaka akamtaja ng'ombe kwa jina. Mwengine alisema uongo, mdomo ukapinda mpaka sikioni, akinywa maji yanatokea pembeni. Na mie kosa langu nimelifanya kwa kipi? Kwa mdomo.

Pale pale nyuma, mvuvi mmoja akapaza sauti. "Bwana Sheha, na aliyekula sukari yetu je? Naye asomewe, si ndio?"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Sheha. Akaushusha ule nkono aliouinua.

"Naye," alisema. "Naye pia."

Shehe wa msikiti, mzee mpole, kipofu wa jicho moja, alikuwa amekaa kizingitini. Akamuuliza polepole, "Bwana Sheha, umeyasikia mwenyewe uliyoyasema?"

"Nimeyasikia."

"Niisome kwa wote wawili?"

"Kwa wote."

"Basi Ijumaa, inshallah. Na kila mtu mzima wa shehia hii aje. Wanawake nje, wanaume ndani."

Tangu hapo sikulala vizuri wala sikula vizuri. Kioo ninacho, ndio kazi yangu, basi kila saa nakwenda kutazama mdomo. Asubuhi natabasamu mbele ya kioo kuona kama pande zote mbili zinapanda sawasawa. Wateja wanasema, "Tuitie Sheha," naguna tu. Rafiki yangu niliyemtumia ile voisi alipita mbali na banda langu, akanipungia nkono kama tuko bandarini.

Kwa nini sikwenda kukiri? Nilifikiri. Nilifika mpaka mlangoni kwa Sheha Jumanne, nikabisha hodi kwa sauti ambayo hata mie sikuisikia, nikaondoka. Nikikiri, barua sipati maisha. Nisipokiri, mdomo. Nikawa napima, barua, mdomo, barua, mdomo. Kumwambia Bibi ndiko kulikonishinda kabisa. Ningemwambiaje kwamba juani pale nilimsimamisha mimi?

Alhamisi akaja. Saa ile ile, baada ya Alasiri. Aliyekuwa kitini akateremka. Sheha akakaa, nikamfunga shuka shingoni, nikafungua, nikafunga tena, mara tatu.

"Ndevu leo wembe," alisema. "Kesho siku kubwa."

Nikashika wembe. Shingo iliyo chini ya wembe ni yake, lakini inayotoka jasho ni yangu. Halafu akasema, macho kayafumba, "Unasikia mengi humu bandani."

"Kidogo tu, Bwana Sheha. Mashine ina kelele."

"Hujasikia nani anaweza sauti yangu?"

Nilisimamisha wembe, nisije nikamchinja kiongozi wa serikali kwa bahati mbaya. "Sauti yako, Bwana Sheha, nani ataiweza? Ni kubwa mno."

Akaguna. Nikaendelea. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipotoka wenyewe, bila ya kuitwa. Nikamuuliza, kama naulizia hali ya hewa, "Eti Bwana Sheha, halbadiri huvuka maji?"

"Haivuki," alisema. "Maji ya chumvi huikata. Na ikisomewa watu wa shehia, inawakuta waliomo ndani ya shehia."

Alijibu upesi, kama ntu aliyekwisha kuuliza. Lakini mie akili ya kuliona hilo ningeitoa wapi? Nilishasikia nilichotaka. Nilimpaka poda shingoni nikampiga vikofi viwili, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi nilivaa. Bibi akaniuliza, "Wapi?"

"Mkoani. Nakwenda kununua nyembe."

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Leo Ijumaa, mwanangu. Alasiri kuna kisomo, kila mtu mzima ametakiwa."

"Nitarudi, Bibi."

Alinitazama kama anavyotazama samaki wa kununua, kwanza jicho, kisha shavu.

Mkoani sikusimama hata dukani. Niliteremka gatini nikapanda boti ya watu wa Makoongwe, kile kisiwa cha mbele yake, karibu tu lakini bahari ni bahari. Kila wimbi lilipotupiga nilisema alhamdulillahi, chumvi hiyo, kata, kata. Nikasali Ijumaa kwao, safu ya nyuma. Kisha nikatafuta pa kujificha mpaka Alasiri ipite. Kulikuwa na mkahawa mdogo wa makuti karibu na wanapopandisha samaki, una chumba cha ndani chenye pazia. Nikafunua pazia nikaingia.

Sheha wetu amekaa mle ndani. Hana kofia yake ya vito ya kuvalia kanzu, kavaa kofia ya michezo, ile yenye mdomo mbele, kaiteremsha mpaka kwenye nyusi.

Tulitazamana. Sijui nani aliogopa zaidi.

"Shikamoo, Bwana Sheha."

"Marahaba. Unafanya nini huku?"

"Nimekuja kunyoa watu."

"Mashine yako iko wapi?"

"Nimeisahau."

Akatikisa kichwa polepole. Nikajikaza. "Na wewe, Bwana Sheha?"

"Kikazi."

"Kazi gani?"

"Ya serikali. Siri."

Mshipa ukaamka. Mwenye mkahawa akaingiza kichwa, akauliza, "Chai ngapi?" Sheha akasema mbili, na mie nikakaa, maana ukishaagiziwa chai na mkubwa huondoki. Ikaletwa pamoja na kopo la sukari. Sheha akalivuta kopo, akatia kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Kijiko kikubwa, si kile cha kikohozi. Cha nne akakiinua, akaniona namtazama, akakirudisha koponi.

Tulikunywa. Nje watu wanabishana juu ya pweza. Nilitaka kuondoka, lakini nikienda wapi? Kwetu ndiko kunakosomwa. Tulikuwa kama wagonjwa wawili wa kitanda kimoja, kila mmoja anajua ugonjwa wa mwenzake na hautaji.

Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa. Nilishtukia nkono wangu umeshika taya. Nikamtazama Sheha. Naye kashika lake, mikono miwili, macho kafumba, midomo inacheza. Tukakaa vile mpaka adhana ikaisha, na baada yake tukakaa vile vile, tukisubiri. Sijui tulisubiri muda gani. Chai ilipoa ikafanya ngozi.

Akafungua jicho moja. "Nipo sawa?" aliuliza.

"Upo sawa, Bwana Sheha. Na mie?"

Akaniinamia karibu, akanitazama upande huu na huu. "Upo sawa. Cheka kidogo."

Nikacheka kidogo. "Sawasawa," alisema. Akashusha pumzi mpaka meza ikatikisika. Halafu akasema, bila ya hasira, "Haya. Nitolee."

"Nitoe nini?"

"Sauti yangu. Tuko wawili tu."

Nikakataa kwa Mungu. Akaning'ang'ania. Mwisho nikafumba macho, nikabana pua, nikasema, "Hakuna njaa, kuna harakaaa."

Alicheka. Wallahi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha kicheko kikamkatika, akakaa anatazama kikombe.

"Ndivyo ninavyosikika?"

Nikamwokotea kofia.

"Sukari inayeyuka kweli, kijana," alisema. "Unaiazima siku moja tu, harusi ya mwanao wa kike, wageni wanatoka Tumbe mpaka Unguja, huwezi kuwapa chai ya kijiko cha kikohozi. Unasema nitairudisha. Ukirudi kuitazama haipo, na bei ya kuirudisha huiwezi tena." Akakoroga chai iliyopoa. "Hata mimi bei hiyo nilinong'onezwa sikioni mule dukani."

Nilimtazama panja. Mshipa umelala.

Ningetamani kukwambia nilimjibu kitu cha maana. Nilimwambia, "Bakuli la Bibi yangu lilikuwa tupu." Akasema, "Mbele ya nyumba yangu. Nililiona, la bluu." Hapo hapana wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Tulipatana. Yeye hakuniona, mie sikumuona. Tukarudi boti moja, yeye kakaa mbele, mie nyuma, migongo tumepeana kama mahasimu. Mkoani akapanda honda yake, mie nikapanda gari ya shamba. Njia nzima nashika mdomo, lakini kwa furaha. Nilijiona mjanja. Nimekimbia halbadiri na barua za Sheha bado nitapata.

Nilifika kabla ya Magharibi. Bibi kakaa kibarazani anachagua mchele, ungo mapajani.

"Nyembe umepata?"

"Sikupata. Bibi, kisomo kilikuwaje?"

"Kisomo gani?"

"Halbadiri."

"Shehe hakuisoma." Akatupa kijiwe. "Kasema halbadiri si fimbo ya kuchungia watu, na njaa ya watu haisomewi laana. Katusomea Yasini moja, katuombea riziki. Kisha kasema tukae vivyo hivyo, tutazamane. Basi tukatazamana, wanaume ndani, wanawake nje. Hata wa dukani alifunga duka kaja. Hata yule mzee aliyepooza, wanawe walimbeba wakamleta. Shehia nzima ilikuwapo. Wamekosekana watu wawili."

Nilikaa chini pale pale, juu ya maganda ya mchele. Taya langu zima, nami nimelishika tena.

"Kwa hivyo mmenijua, Bibi."

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Weye tulikujua siku ile ile, bado tumesimama juani," alisema. "Tuliyekuwa hatumjui ni mwenzio."